Betri Mbili Kando ya Mafiga

Tusekile aliomba redio. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa Kisondela walikuja kusema eti alikuwa mwanamke wa kupenda michezo, wa kuacha maharage yaungue. Uongo mtupu. Aliomba redio, tena redio ndogo tu ya kutundika ukutani jikoni, asikilize kwaya Jumapili na salamu za wasikilizaji siku nyingine. Ilikuwa enzi ya ruksa. Soko la Tukuyu, ambalo miaka michache nyuma ungelizunguka lote usipate kipande cha sabuni, sasa lilikuwa limefurika mitumba, saa za plastiki na sufuria zinazong'aa mpaka unajiona meno. Kila nyumba yenye mume wa kusafiri ilikuwa inapata redio. Na Prosper, mume wa Tusekile, alikuwa utingo wa lori la ndizi. Mbeya na Tunduma kwake ilikuwa kama kwenda kisimani.

Mwisho wa mwezi Prosper akarudi na kitu cha kijivu, kinaenea kiganjani, kina kioo kidogo na vitufe vya njano.

"Hiki nini?" Tusekile akauliza.

"Gemu. Unapanga matofali."

"Prosper, mimi nilikuomba redio. Wewe umeniletea matofali?"

"Redio zilikuwa zimeisha, mama. Halafu hili muuzaji wa soko la Mwanjelwa kaniapia, hata Ulaya wanaligombania."

Thubutu! Redio hazikuwa zimeisha. Prosper alilipenda lile gemu mwenyewe, basi, akalinunua kama mtoto anavyonunua pipi, kisha njiani akaanza kutafuta maneno. Lakini safari ya pili alilisahau nyumbani, na Tusekile, aliyekuwa amenuna siku nzima, akaliwasha ili tu apate sababu nzuri zaidi ya kununa. Matofali yakaanza kushuka. Unayageuza, unayasogeza, ukijaza mstari wote unafutika, usipojaza yanapanda mpaka juu na gemu linakupigia wimbo wa kukucheka. Alipoinua kichwa, ndizi zilikuwa zimekauka sufuriani. Haya, hapo kwenye kuunguza watu wana haki kidogo.

Tuliseme gemu kwa haki yake. Lilikuwa gumu. Wifi yake Tusekile, Atupele, alilidondosha kwenye tope la njia ya kisimani, likafutwa kwa kanga, likaendelea kulia. Halikuhitaji umeme, na pale Kisondela umeme ulikuwa hadithi ya watu wa Tukuyu. Betri zake mbili ndogo hazikuisha upesi. Redio ya jirani ilikula betri kama nguruwe anavyokula maganda, gemu likakaa na zile zile lilizokuja nazo kutoka Mbeya, kiangazi chote mpaka mvua.

Ila nazo lilikuwa nazo. Kioo hakikuwa na taa. Ukungu ukishuka, na Rungwe ukungu hauombi ruhusa, unalazimika kukaa mlangoni na kuligeuzageuza ndipo uone tofali limekaa wapi. Lilipiga kelele, tii, tii, tii, hakuna kitufe cha kulinyamazisha. Na lilikumbuka namba moja tu, ile kubwa kuliko zote. Nani aliiweka, halijui. Lilikuwa pia na ila nyingine kubwa kuliko hizi, ambayo pale nyumbani hakuna aliyeijua. Hiyo tutaifikia, na laiti tusingeifikia.

Sasa upande wa pili wa migomba alikaa baba mkwe, mzee Ambilikile, mjane, pamoja na binti yake Atupele. Nyumba mbili, jiko moja, na jiko lilikuwa kwa Tusekile. Mzee huyu alikuwa mpima majani ya chai kwenye shamba kubwa kwa maisha yake yote ya kazi. Wachumaji walikuwa wakisema mizani ikishikwa na Ambilikile unaweza kufumba macho, hakuibii jani. Shamba lilipobadilisha wenyewe, wazee wakarudishwa nyumbani, naye akarudi na kikohozi chake na koti lake la kazini, hana la kupima tena.

Tusekile alikuwa hajawahi kumwona usoni. Msishangae. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana humtila baba mkwe, yaani humwogopa kwa heshima: hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye huingia migombani na kujifunika mpaka mzee apite. Wenzake wengi, hasa wa mjini na wa kanisani, walikuwa wameshaacha. Prosper mwenyewe alisema mambo hayo yamepitwa. Lakini Tusekile alilelewa na bibi yake kule Kyimo, na bibi alimfunda kwa fimbo. "Mkweo ukimtazama," alimwambia, "tumbo lako ndilo litakalolipa." Mimba ya kwanza ya Tusekile ilitoka. Ya pili ilikuwa ndiyo hiyo sasa, changa. Nani angejaribu?

Kwa hiyo alimjua mzee kwa sauti ya kikohozi, kwa harufu ya tumbaku, na kwa sahani zilizorudi. Mzee akipenda mbalaga, zile ndizi za kupika, sahani ilirudi safi kama imelambwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kwa miaka ya ndoa.

Gemu likayabadilisha. Atupele aliliazima siku moja akaenda nalo kwao, na jioni yake Tusekile akiwa jikoni akasikia tii, tii, tii ikitoka ng'ambo ya migomba, ikaenda weee, bila kukoma. Atupele alipolirudisha alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Baba kaniambia nikuonyeshe namba. Kakupita."

"Nani? Baba?"

"Anasema matofali ni kama magunia ya majani. Usipoyapanga vizuri toka chini, lori halijai."

Tusekile akaangalia namba. Lo! Kweli mzee kampita, tena kwa mbali. Akakaa mlangoni, maharage yakaungua, na baada ya siku kadhaa yeye akampita mzee, gemu likavuka migomba tena. Ikawa ndiyo kanuni bila kuandikwa popote: aliyezidiwa hukaa nalo mpaka ashinde, akishinda hulipeleka kwa mwenzake. Likija kwako, ujue umepigwa. Na ile kelele isiyozimika, ile iliyomwudhi kila mtu, ikawa ndiyo uzuri wake. Mzee akisikia wimbo wa kushindwa unatoka jikoni, alicheka kwa sauti, kicheko kinene, na Tusekile akajiziba mdomo kwa kanga naye akacheka. Zamu ya mzee kushindwa, mkamwana alikohoa kwa makusudi. Atupele alisema hajawahi kuona watu wawili wanaopendana kiasi kile bila kujuana sura.

Mvua zilipoanza kushika, kifua cha mzee kikabana. Wakati huohuo Tusekile akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia kama dhambi: akacheza vizuri mno. Siku moja mikono ilimkubali tu, matofali yakawa yanashuka yenyewe mahali pake, namba ikapanda pasipowahi kupandwa. Gemu likaenda kwa mzee, likakaa. Likakaa wiki. Kila siku tii, tii, kisha wimbo wa kushindwa, kisha kikohozi. Kicheko hakuna.

"Wifi, ungemwonea huruma," Atupele akasema.

"Nitamwoneaje? Namba ikishapanda haishuki. Kwani mimi ndiye niliyelitengeneza?"

Ndipo mzee akatuma neno. Atupele alilileta akiwa amelishika kama yai. "Baba anasema hivi: 'Mwambieni mkamwana wangu, nikimshinda hii, aje aniamkie uso kwa uso. Mimi ndiye mwenye mwiko, mimi ndiye nitakayeufungua, na tumbo lake nitalibariki kwa mdomo wangu. Nimechoka kucheza na mtu nisiyemwona.'"

Tusekile aliogopa, na alitaka. Alitaka sana, kuliko alivyowahi kuitaka ile redio. Lakini bibi wa Kyimo alikuwa bado anaishi kichwani mwake na fimbo yake. Akajibu jibu la mtu anayetaka wengine wamwamulie: "Sawa. Akishinda, nitakuja." Namba ilikuwa kubwa mno. Acha gemu liamue.

Ikapita muda. Kisha alasiri moja ya ukungu, Tusekile anamenya ndizi, tii tii ikawa ndefu isivyo kawaida. Akaacha kisu. Ikaendelea. Halafu ukaja wimbo ule mwingine, mwembamba, wa rekodi kuvunjwa, na nyuma yake kicheko kinene cha mzee, kikakatwa na kikohozi, kikarudi tena. Tusekile akajikuta amesimama.

Atupele akaja mbio na gemu limefunikwa kwa leso. "Baba anasema uiangalie wewe mwenyewe, mtu mwingine asiisome. Hata mimi kanificha, kaliweka kifuani. Anasema ukishaona, anakungoja." Akaliacha mezani akakimbilia kisimani kabla mvua haijafika.

Tusekile akalitazama. Kioo kilikuwa cheupe. Akaenda mlangoni, akaligeuza huku na kule. Namba zilikuwa kama vivuli, hazisomeki. Betri zilikuwa zimefika mwisho. Zilikuwa zimemsindikiza mzee mpaka kwenye ushindi wake, zikaishiwa.

Sasa, ndugu yangu, wewe ungefanya nini? Ungefanya lile ambalo kila mtu Rungwe hufanya. Penye jua watu huanika betri juani. Sisi jua letu la kuazima, betri tunazikalisha kando ya mafiga, karibu na jivu la moto, zikipata joto zinarudisha nguvu kidogo, redio inamaliza kipindi. Tusekile alikuwa akiwaona majirani wakifanya hivyo tangu utoto, na redio haikuwahi kupoteza stesheni kwa ajili hiyo. Akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri mbili, akazilaza kando ya mafiga. Wakati zinapata joto akanawa miguu. Akavaa kanga safi.

Akazirudisha. Gemu likawaka, kioo kikang'aa vizuri kabisa. Penye namba kubwa palikuwa na sifuri.

Akazima, akawasha. Sifuri. Namba ya mzee haipo. Na namba yake yeye, ile aliyoipata siku mikono ilipomkubali, nayo haipo. Hapo ndipo damu ilipompanda. Akaona kila kitu, au alidhani ameona. Mzee kashindwa, kwa hiyo kabonyeza kitu kule akamfutia. Kamfutia jasho lake ili amwite kwa hila! Angetulia kidogo angejiuliza, mtu anayetaka kudanganya anaacha sifuri ya nini? Angejiuliza ule wimbo wa ushindi ulitoka wapi. Lakini hasira ni hasara, na nyuma ya hasira ile hofu ya bibi ilikuwa inamsukuma, inafurahi kupata pa kujificha. Afadhali amkasirikie mzee kuliko kuvuka ile migomba.

Atupele, aliyekuwa amepitia kwanza kwa baba yake, aliporudi jikoni na ndoo akamkuta amevua kanga safi.

"Lirudishe," Tusekile akasema. "Mwambie baba nimeona. Mwambie mtu akishindwa hafuti namba ya mwenzake. Mimi sidanganywi."

"Wifi! Mimi siwezi kumwambia baba hivyo."

"Mwambie. Hivyohivyo."

Ulimi hauna mfupa. Atupele akalichukua, akaenda polepole, akaligeukia jiko mara mbili kama anayesubiri kuitwa. Tusekile hakumwita.

Mzee alisikiliza neno lile mpaka mwisho. Hivyo ndivyo Atupele alivyokuja kusimulia. Akaliwasha gemu, akaona sifuri, akalitazama sana. "Amesema nimefuta?" akauliza. "Mimi?" Mtu aliyeshika mizani miaka yote hiyo, hakuna mchumaji aliyewahi kumwambia neno kama lile, akaja kuambiwa na mkamwana wake. Akalizima, akaliweka chini ya mto, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo tii, tii haikusikika tena. Sahani zilianza kurudi na chakula chake. Tusekile alizipokea, akamwagia mbwa, akajisemea atatuma neno la kupoza mambo Jumapili, baada ya ibada. Jumapili haikumkuta mzee.

Msiba ukajaa. Prosper aliletwa na lori lenyewe, na matela yake nyuma. Wanawake wakapika nje mvuani chini ya turubai, na Tusekile, mwenye jiko, ndiye aliyekuwa akielekeza. Mtu akaja na kuku aliyekuwa amefungwa mguu kwa uzi mwekundu mlangoni kwa marehemu, kuku mkubwa wa mabaka, akauliza afanywe nini. Watu wengi, kitoweo kidogo. "Achinjwe," Tusekile akasema, akamnyonyoa mwenyewe.

Wakati wa kuaga mwili, wazee walisema mkamwana naye apite, mwiko umekufa na mwenyewe. Akapita. Akafungua macho. Ndipo akamwona baba mkwe wake: mtu mdogo kuliko kicheko chake, masikio makubwa, na shavuni kijishimo kilekile cha Prosper. Alikuwa amezoea kumwogopa mtu mkubwa. Akasimama pale mpaka wakamshika mkono wamwondoe.

Matanga yalipokwisha, Prosper akalikuta gemu chini ya mto wa baba yake. Akatoa betri mpya mfukoni, akatia, akabonyeza.

"Tazama, limefutika," akasema. "Ndivyo lilivyo hili. Yule muuzaji aliniambia, ukitoa betri tu linasahau kila kitu, unaanza moja. Nilisahau kuwaambia. Kwani mlikuwa mmefika ngapi?"

Tusekile alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama kwenye ungo. "Ukitoa betri?"

"Eee. Halina akili yake mwenyewe. Kwani vipi?"

Aliweka ungo chini, akatoka, akaenda kusimama migombani, pale alipokuwa akijificha mzee akipita. Prosper akamfuata, akamwuliza tena na tena, na yeye akawa anasema neno moja tu, "Mimi ndiye niliyefuta. Mimi." Prosper akafikiri ni uchungu wa msiba.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Tusekile yalimjia yakiwa na sura ya mkwe. Alimwambia Atupele yote, betri, mafiga, kanga safi, na kumwomba amsaidie kitu kimoja tu: baba alipata ngapi? Atupele hakujua. Mzee alikuwa ameificha ile namba kifuani kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja aliichoma kando ya moto akidhani anaiokoa. Mpaka leo hakuna aijuaye.

Mtoto alizaliwa salama, mzima kabisa, akapewa jina la babu yake. Tusekile halitamki. Humwita Tata, yaani Baba, na majirani humtania kwamba bado anamtila mtu aliyelala chini ya migomba. Redio Prosper alimletea mwishowe. Gemu analo kabatini bila betri, na Prosper akisema litiwe betri mtoto achezee, yeye huondoka mle ndani.

Lakini lililommaliza Tusekile kabisa, Atupele alikuwa amelificha, akaja kumwambia wakati mtoto ameshaanza kutembea, siku wanapika pamoja. Alisema alasiri ile ya ukungu, baada ya kulituma gemu, maji yale ya kisimani yalikuwa ya baba, akaoga. Akavaa koti lake la kazini. Akatoa kigoda akakiweka karibu na mlango, akamkamatisha Atupele kuku, akamfunga mwenyewe uzi mguuni, kwa sababu mwiko wa mkwe haufunguliwi mikono mitupu. Kisha akakaa akiangalia migomba.

"Kuku gani?" Tusekile akauliza.

"Yule mkubwa," Atupele akasema, akainama kuchochea moto. "Yule wa mabaka."